Mcheza poka hupata kiasi gani kwa saa?

Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2015, katika kasino ya Rivers mjini Pittsburgh, Marekani, wachezaji wanne wanaoendesha maisha yao kwa poka walishindana na programu ya kompyuta iitwayo Claudico, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Kila mchezaji alicheza peke yake na programu hiyo, karata zikagawiwa mara 20,000 kwa kila mmoja, jumla mara 80,000, na siku ya mwisho binadamu walikuwa mbele kwa tokeni 732,713 katika mchezo ambao dau kubwa la lazima lilikuwa tokeni 100. Waandaaji walikuwa wamechukua tahadhari ya kipekee: karata alizopewa binadamu katika chumba kimoja zilipewa programu katika chumba kingine, ili bahati ya karata ijifute yenyewe kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, pamoja na tofauti yote hiyo ya tokeni, watafiti walitangaza kwamba kitakwimu matokeo yalikuwa sare, kwa maana kwamba hayakufikia kiwango cha uhakika cha asilimia 95 kinachotumika katika sayansi. Tangazo hilo lilizua ubishi mkubwa miongoni mwa wachezaji, lakini hesabu yenyewe haikuwa ya hila.

Ninaanza na kisa hicho kwa sababu kila mara ninaposikia mtu akisema kwamba anapata dola 40 kwa saa kwenye meza za kasino, nikamuuliza amecheza saa ngapi, jibu huwa 200 au 300. Saa 200 za kasino ni karata kugawiwa mara 6,000 hivi. Ikiwa migao 80,000, iliyopangwa kwa uangalifu ule, iliacha nafasi ya shaka, basi migao 6,000 ya mtu anayekaa mahali popote anapopata kiti inasema machache sana. Swali ni machache kiasi gani, na hilo linaweza kujibiwa kwa kalamu na karatasi.

Kwanza tukubaliane kuhusu kipimo. Katika poka ya Texas, ambayo ndiyo inayochezwa zaidi duniani, wachezaji wawili hulazimika kuweka fedha kabla ya karata kugawiwa. Dau dogo huitwa blaindi ndogo na lile kubwa blaindi kubwa. Meza inayoitwa ya dola 1 na 3 ina blaindi kubwa ya dola 3. Kwa kuwa fedha hutofautiana kutoka meza hadi meza, wachezaji hupima faida yao kwa blaindi kubwa badala ya dola, na katika makala hii nikisema blaindi peke yake nitamaanisha hiyo kubwa. Wachezaji wa mtandaoni huhesabu blaindi kwa kila migao 100, maana kompyuta huwahesabia kila mgao. Wale wa kasino huhesabu blaindi kwa saa, kwa kuwa hakuna anayekaa mezani akihesabu ni mara ngapi karata zimegawiwa. Ushindi wa Pittsburgh, kwa kipimo cha kwanza, ulikuwa blaindi 9 na kidogo kwa migao 100.

Vipimo hivi viwili huchanganya watu kwa namna ambayo inafaa kuinyoosha mapema. Meza ya kasino yenye mgawaji aliye hai hufikisha migao 30 hivi kwa saa, kwa sababu karata huchanganywa, tokeni huhesabiwa, na watu hufikiri na kuzungumza. Mtandaoni meza moja hufikisha migao 60 hadi 80, na mchezaji mmoja anaweza kufungua meza nne kwa wakati mmoja. Sasa tuchukue wachezaji wawili. Wa kwanza hupata blaindi 5 kwa saa kwenye meza ya dola 1 na 3, yaani dola 15. Wa pili hupata blaindi 5 kwa migao 100 mtandaoni, kwenye meza ya senti 25 na 50, akicheza migao 280 kwa saa kwenye meza nne. Kwa saa hiyo anapata blaindi 14, ambazo ni dola 7. Ukimgeuza wa kwanza kwa kipimo cha wa pili, anapata karibu blaindi 17 kwa migao 100, kiwango ambacho mtandaoni hakuna mchezaji wa kawaida anayekidumisha. Hilo halimaanishi kwamba yeye ni fundi mara tatu zaidi. Maana yake ni kwamba meza ndogo za kasino hukaliwa na watalii, wastaafu na watu waliomaliza kazi wakataka kupumzika, wakati meza za mtandaoni, hata za fedha kidogo, zina vijana waliosoma mchezo huo kwa programu za mazoezi usiku na mchana. Kwa wachezaji wazoefu inakubalika kwamba blaindi 2 hadi 5 kwa migao 100 ni kazi nzuri mtandaoni, na kwamba blaindi 5 hadi 10 kwa saa ni kazi nzuri sana kasinoni. Anayedai kuzidi hapo kwa muda mrefu anapaswa kuonyesha hesabu zake.

Tatizo la kupima linaanza pale tunapouliza ni kiasi gani matokeo hupanda na kushuka kuzunguka wastani. Wanatakwimu wana kipimo cha mtawanyiko huo wanachokiita mkengeuko sanifu. Kwenye meza ya watu sita au tisa ya mchezo usio na ukomo wa dau, mtawanyiko kwa kila migao 100 huwa kwa kawaida kati ya blaindi 70 na 110. Mimi nitatumia 90 katika hesabu zote zinazofuata, na msomaji aliye na namba zake mwenyewe anaweza kuzibadilisha. Tazama ukubwa wake: mchezaji mzuri anategemea kupata blaindi 5, lakini matokeo ya migao 100 yanaweza kumpeleka juu au chini kwa 90 bila jambo lolote la ajabu kutokea. Anachotafuta ni kidogo mno kulinganisha na kelele inayokizunguka.

Kelele hiyo hupungua kadiri mtu anavyocheza, ila hupungua polepole. Ili kupata kosa la kipimo, tunagawanya 90 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mafungu ya migao 100. Kwa migao 10,000 yapo mafungu 100, kipeuo chake ni 10, na kosa ni blaindi 9. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 unazidisha kwa karibu 2, hivyo kiwango kinachoonekana kinaweza kuwa pungufu au zaidi kwa blaindi 18 hivi. Kwa migao 100,000 ukingo huo hushuka hadi 5.6, na kwa migao milioni moja hufika 1.8. Zingatia kwamba kucheza mara kumi zaidi hakupunguzi shaka mara kumi. Hupunguza mara tatu na kidogo tu. Mchezaji ambaye uwezo wake halisi ni blaindi 5 kwa migao 100 ana uwezekano wa karibu asilimia 29 wa kuwa na hasara baada ya migao 10,000, na bado ana asilimia 4 ya kuwa na hasara baada ya migao 100,000. Katika watu 25 wa namna hiyo, mmoja atakuwa amecheza vizuri mara laki moja na akatoka mikono mitupu.

Mtandaoni migao laki moja ni kazi ya miezi michache. Kasinoni, mtu anayecheza saa 40 kwa wiki kwa wiki 50 anapata migao 60,000 kwa mwaka, kwa hiyo laki moja itamchukua mwaka mmoja na miezi minane, na milioni moja itamchukua karibu miaka 17. Ndiyo sababu wachezaji wa kasino hujadiliana kuhusu saa, na ndiyo sababu mijadala yao haina mwisho.

Tuihamishe hesabu ile ile kwenye saa. Mtawanyiko wa blaindi 90 kwa migao 100 ni sawa na blaindi 49 hivi kwa saa ya migao 30. Kwenye meza ya dola 1 na 3 hizo ni dola 148 kila saa, juu au chini. Mtu akikaa saa nane, mtawanyiko wa siku nzima unakuwa blaindi 139, wakati faida anayoitegemea, akiwa mchezaji mzuri wa blaindi 5 kwa saa, ni 40. Kutokana na namba hizo mbili inapatikana kwamba mchezaji huyo hodari atarudi nyumbani na hasara karibu siku 39 katika kila siku 100. Anayesema kwamba huondoka na faida mara nane katika kumi hatufahamishi chochote kuhusu kipato chake. Huenda ana tabia ya kuinuka mapema akiwa mbele kwa dola 100 na ya kung'ang'ania hadi alfajiri akiwa nyuma kwa 900. Idadi ya siku za ushindi haina uzito. Kinachohesabiwa ni jumla ya fedha na jumla ya saa.

Hapo ndipo daftari linapoingia, na ningependa kulionyesha kwa karibu kwa sababu makosa mengi hutokea kabla hata hesabu haijaanza. Mstari mmoja ulio kamili unasomeka hivi: Jumamosi, meza ya dola 1 na 3, nilikaa saa 1:20 usiku, niliinuka saa 7:50 usiku, niliingiza 300, nikaongeza 300 saa 4, nilitoka na 455, bakshishi kwa mgawaji 14, zimo, hasara 145, saa sita na nusu. Ile 300 ya pili ndiyo inayosahaulika. Mtu hukumbuka alichoingia nacho na alichotoka nacho, na ile noti aliyoitoa mfukoni katikati ya usiku, akiwa amekasirika, haifiki kwenye karatasi. Vivyo hivyo muda: saa ya kusubiri kiti, saa ya kula na saa ya kuendesha gari huachwa nje, ingawa mtu anapolinganisha poka na ajira, saa hizo ni sehemu ya kazi. Daftari linaloandikwa kesho yake asubuhi ni daftari la kumbukumbu, na kumbukumbu ya mchezaji huegemea upande wake. Namba ziandikwe kabla ya kuwasha gari.

Makato ya kasino yanastahili aya yao, maana ndiyo yanayoweka dari juu ya kila kiwango cha faida. Kasino haishindani na wachezaji wa poka. Huchukua sehemu ya kila fungu la fedha linaloshindaniwa, kwa kawaida asilimia 10 hadi kikomo cha dola kadhaa, na mara nyingi huongeza dola moja au mbili za zawadi ya bahati. Tuseme meza ya watu tisa hupoteza kwa njia hiyo wastani wa dola 4 kwa kila mgao. Kwa migao 30, dola 120 zimeondoka mezani ndani ya saa moja, na ukizigawa kwa watu tisa, kila mmoja amechangia zaidi ya dola 13, yaani blaindi 4.4 kwenye meza ya dola 1 na 3. Hiyo ndiyo hasara ya mchezaji wa wastani wa meza hiyo, kwa kila saa, kabla hajakosea wala kupatia. Kwa hiyo anayepata faida halisi ya blaindi 5 kwa saa amewashinda wenzake kwa blaindi 9 na zaidi. Makato hayo hayo kwenye meza ya dola 5 na 10 yangekuwa blaindi 1.3 tu, na ndiyo maana kiwango kilichopimwa kwenye meza ndogo hakiwezi kuhamishwa moja kwa moja kwenda meza kubwa: makato hupungua uzito, lakini wapinzani nao huwa wakali zaidi. Mtandaoni makato huwa karibu asilimia 5 na yana kikomo, nayo baadhi ya tovuti hurudisha sehemu kwa wachezaji wa kudumu. Mtu akitaja kiwango chake bila kusema kama marejesho hayo yamo au hayamo, hajasema kitu kinachoweza kulinganishwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limewachanganya hata watu makini. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Uholanzi walichapisha katika jarida la PLOS ONE utafiti uliotumia kumbukumbu milioni 456 za migao ya wachezaji wa mtandaoni waliocheza kwa fedha halisi. Waligundua kwamba waliofanya vizuri kipindi kimoja huelekea kufanya vizuri kipindi kinachofuata, na kwamba ujuzi huanza kuizidi bahati pale matokeo yanapopimwa kwa migao 1,500 au zaidi. Migao 1,500 ni saa 50 za kasino. Baadhi ya watu wameichukua namba hiyo na kuitangaza kana kwamba saa 50 zinatosha mtu kujua kiwango chake, jambo ambalo linapingana waziwazi na hesabu niliyotoa hapo juu, kwani kwa migao 1,500 kosa la kipimo ni blaindi 23 kwa migao 100.

Hakuna mgongano. Utafiti ule uliuliza swali kuhusu umati mzima. Katika umati huo wamo watu wanaopoteza blaindi 30 au 50 kwa kila migao 100, wanaoingia karibu kila fungu na kufuata kila dau, na wamo wanaopata 5. Tofauti kati yao ni kubwa kiasi kwamba kipimo chenye kosa la 23 kinaitambua. Ila mtu anayeuliza kama anaweza kuishi kwa poka hajilinganishi na mtalii. Anataka kujua kama yeye ni wa blaindi 1 au wa blaindi 5. Mizani ya kupimia magunia ya mahindi itakuonyesha mara moja gunia lipi limejaa na lipi ni nusu, na ni mizani halali kabisa, lakini sonara hawezi kuitumia kupimia pete.

Wanatakwimu wana namna ya kuziunganisha taarifa hizi mbili, yaani kile tunachokijua kuhusu umati na kile kilichoandikwa kwenye daftari la mtu mmoja. Kanuni yake ni kwamba kila taarifa ipewe uzito kulingana na uhakika wake. Chukua mchezaji wa meza ya dola 1 na 3 aliyecheza saa 300 na daftari lake likaonyesha blaindi 12 kwa saa, yaani dola 36. Kosa la kipimo chake ni blaindi 2.85 kwa saa, hivyo ukingo wa asilimia 95 unaanzia kama 6 hadi 18. Tuchukulie sasa kwamba wachezaji wa kudumu wa meza hizo, wakichanganywa wote, wastani wao ni sifuri na viwango vyao vya kweli vimetawanyika kwa blaindi 3 hivi. Ni makadirio yangu kwa ajili ya mfano, na yeyote anaweza kuweka yake. Kwa namba hizo, daftari lake linastahili uzito wa asilimia 53, na makadirio bora ya kiwango chake ni blaindi 6.3, yaani dola 19. Huyu bado ni mchezaji mzuri. Lakini tofauti kati ya dola 36 na dola 19, kwa saa 2,000 za mwaka, ni dola 34,000, na nchini Marekani ambako mtu huyu atalipa kodi na pengine atajinunulia bima ya afya mwenyewe, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuacha kazi na kutoiacha. Watu huacha kazi kwa msingi wa saa 300. Jambo hilo hunisikitisha, kwa sababu mara nyingi ni watu wenye akili ya hesabu ambao wangeweza kuipiga hesabu hii wenyewe.

Sababu nyingine ya kushusha makadirio ni kwamba tunaowasikia si sampuli ya haki. Fikiria wachezaji 1,000 ambao kwa kweli hawapati wala hawapotezi, kila mmoja akacheza saa 300. Kwa bahati peke yake, takriban 23 kati yao wataonyesha zaidi ya blaindi 5.7 kwa saa, dola 17 kwenye meza yetu, na daftari zao zitakuwa za kweli kila mstari. Hao ndio watakaohojiwa, watakaouza masomo na kutoa ushauri. Wengine kama hao upande wa pili, walioonyesha hasara ya kiasi kile kile, watakuwa wameshaondoka kimyakimya wakiamini kwamba hawana kipaji.

Je, hakuna njia ya kuisafisha kelele badala ya kungoja miaka? Ipo, kwa sehemu. Inayotumika zaidi mtandaoni ni kurekebisha matokeo ya pale fedha zote zinapokuwa zimeshaingia mezani na karata bado hazijaisha kufunuliwa. Tuseme una ree mbili, mwenzako ana K mbili, na kila mmoja ameweka dola 300 zake zote. Ree zitashinda karibu mara 82 katika 100. Daftari la fedha litaandika ama faida ya 300 ama hasara ya 300. Daftari lililorekebishwa litaandika faida ya 192, ambayo ni asilimia 82 ya fungu la 600 ukitoa 300 zako. Marekebisho hayo ni ya haki, ila huondoa bahati ya mwisho tu. Hayagusi bahati ya kwamba wewe ndiye uliyepewa ree usiku ambao mwenzako alipewa K, wala ya mtu kuwa na karata dhaifu au nzuri pale unapomdanganya kwa dau kubwa. Mchezaji anayeona mstari wake uliorekebishwa uko juu ya ule wa fedha huwa na haraka ya kuamini kwamba amefika kwenye ukweli, na bado yuko ndani ya ukungu uleule, uliopungua kidogo.

Watafiti wana zana kali zaidi. Mwaka 2019 programu ya Pluribus, ya Carnegie Mellon na Facebook, ilicheza migao 10,000 dhidi ya mabingwa watano kwa wakati mmoja, ikapata blaindi 4.8 kwa migao 100 huku kosa la kipimo likiwa 2.5. Bila usafishaji, migao hiyo ingekuwa na kosa la karibu 9, na matokeo yasingekuwa na maana. Waliweza kwa sababu programu inajua ingefanya nini kwa kila karata ambayo ingeweza kuwa nayo, hivyo bahati ya kila uamuzi wake inaweza kukokotolewa na kutolewa. Binadamu hana orodha hiyo kichwani. Hata kwa mashine, njia ya kawaida ilibaki kuwa ni kucheza sana: Libratus, iliyomrithi Claudico, ilirudi katika kasino ile ile Januari 2017, ikacheza migao 120,000 na wataalamu wanne na kuwashinda kwa blaindi 14.7 kwa migao 100, na safari hiyo takwimu hazikuacha mlango wa ubishi.

Mashindano nitayagusa tu. Huko faida hupimwa kwa asilimia ya ada ya kuingia, na kwa kuwa sehemu kubwa ya zawadi huenda kwa wachache wa juu, mtawanyiko ni mkubwa kuliko wa meza za fedha taslimu kwa mbali. Chris Moneymaker alishinda mashindano makuu ya dunia mwaka 2003, kati ya watu 839, akiwa ameingia kupitia tiketi ya mtandaoni ya dola 86, akaondoka na dola milioni 2.5, hakuna hesabu ya maana ya kiwango cha faida inayoweza kujengwa juu ya tukio moja la namna hiyo, na mchezaji wa mashindano makubwa ya ana kwa ana anaweza kumaliza maisha yake yote ya kucheza bila kufikisha idadi ya mashindano inayotosha.

Kuna kikwazo ambacho hesabu yoyote ya kipeuo haikioni. Fomula zote nilizotumia huchukulia kwamba kiwango cha kweli kimekaa palepale kikisubiri kupimwa. Lakini Aprili 15, 2011, serikali ya Marekani ilipofungua mashtaka dhidi ya tovuti za poka za PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker, Wamarekani wengi walitoweka kwenye meza za mtandaoni ndani ya siku chache, na mtu aliyekuwa na migao milioni moja kwenye kumbukumbu zake alikuwa amepima mchezo ambao haukuwapo tena. Mabadiliko ya kawaida ni ya taratibu zaidi: meza ya Ijumaa usiku si meza ya Jumanne asubuhi, kasino hupandisha makato, wapinzani hujifunza. Kwa hiyo sampuli ndogo ina kelele, na sampuli kubwa imechakaa upande mmoja. Ushauri wangu ni kugawa daftari kwa aina ya meza na kwa mwaka, na kuzipa saa za karibuni uzito zaidi, ingawa kufanya hivyo hupanua ukingo wa makosa.

Umuhimu wa haya yote huonekana pale mtu anapotaka kuishi kwa fedha hizo. Tuchukue mchezaji ambaye kiwango chake cha kweli ni blaindi 5 kwa saa, ana akiba ya mchezo ya blaindi 2,000, yaani dola 6,000, na hatoi hata senti kwa ajili ya maisha. Uwezekano wa akiba hiyo kuisha ni mdogo mno, chini ya moja katika elfu. Sasa aanze kutoa dola 12 kwa kila saa aliyocheza, kwa kodi ya nyumba na chakula. Hizo ni blaindi 4, kinachobaki kukuza akiba ni blaindi 1 kwa saa, na uwezekano wa akiba kuisha unaruka hadi asilimia 19. Na kama kiwango chake cha kweli ni 4 badala ya 5, basi hakuna kinachobaki, akiba inapanda na kushuka bila mwelekeo, na mapema au baadaye itafika sifuri. Ili daftari lake liweze kutofautisha 5 na 4 kwa uhakika wa asilimia 95, anahitaji saa 9,300 hivi, ambazo kwa saa 40 kila wiki ni zaidi ya miaka minne na nusu, na muda wote huo kodi ya nyumba inadaiwa kila mwisho wa mwezi.